Vigingi Vyenye Vichwa Vyekundu

Simu ndiyo iliyoniogopesha kwanza. Korongo lilikuja baadaye, na majirani baada ya korongo.

Binti yangu ni muuguzi kule Bunyakiri. Hushuka mjini barabara ikiruhusu, na siku hizi hairuhusu mara nyingi. Mtoto wake wa kike anakaa nami hapa Kasha. Tangu mke wangu afariki tumebaki wawili, mimi na mjukuu wangu, katika nyumba ya matofali iliyoegemea mteremko. Nyuma ya jiko letu kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna nyumba ya mama mmoja anayeuza makala, mkaa wa kupikia. Tukisimama kila mtu kwenye mlango wake wa nyuma tunaweza kusalimiana bila kupaza sauti sana.

Siku moja binti yangu alipiga simu kutoka kilima anachopanda kutafuta mtandao. Shule ya mjukuu wangu ilikuwa imemchagua kufuata masomo kwa njia ya intaneti. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuwa kimeyafungua kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi mbalimbali, na maprofesa wa chuo ndio wangefundisha. Hayakuwa masomo ya kupata pointi za shule. Yalikuwa ya kuwaonjesha watoto kinachosomwa mbele, huko ambako mimi sikufika. Somo lenyewe lilihusu ardhi: jinsi udongo unavyotembea na jinsi maji yanavyouchimba. Mwishoni kila mwanafunzi angeonyesha kazi aliyoipima kwa mikono yake mwenyewe mahali anapoishi. Mwenye kazi kamili angepewa cheti, na chuo kingemsaidia kuomba nafasi na msaada wa kusoma. Asiyekuwa nayo angeshukuriwa kwa kuhudhuria, basi.

"Papa, usimukataze mutoto," binti yangu alisema. "Nakujua vile unaogopaka."

Alinijua vizuri. Mtaani nilikuwa nimesikia habari za wasichana walioitwa kwa simu, wakaambiwa ni masomo, kumbe aliyewaita alikuwa na shughuli nyingine. Nikaweka sharti: kila Jumamosi, masomo yakianza, nami nitakuwa ndani ya chumba.

Na kweli nilikuwamo. Mjukuu wangu aliegemeza simu kwenye thermos ya chai, akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, nami nikakaa nyuma yake kwenye kiti cha mbao nikiwa nimevaa koti langu la misa. Kwenye kioo kidogo cha simu nyuso zilijipanga kama picha za kitambulisho. Profesa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliponiona aliuliza mimi ni nani.

"Ni babu yangu," mjukuu wangu alijibu kwa Kifaransa. "Anapenda sana somo."

Yule mama alicheka, akanikaribisha. Jumamosi iliyofuata alinisalimia kwanza, kabla ya wanafunzi. Siku nyingine nilipitiwa na usingizi, nikaamshwa na vicheko vya watoto wa Dakar na wa wapi sijui.

"Koko, uvue ile koti," mjukuu wangu aliniambia simu ilipozimwa. "Banauliza kama uko ministre."

"Na uliwajibu nini?"

"Nilisema ndiyo, ministre ya kulala."

Hofu ya simu ikapungua hivyo, kidogo kidogo. Nilianza hata kusikiliza. Kifaransa nakisikia, nina diploma ya sekondari, na niliitumia maisha yangu yote kuhesabu magunia katika stoo ya kiwanda cha chai mpaka kiwanda kikafa. Profesa alipoeleza jinsi mteremko uliokatwa miti unavyobeba maji hadi siku unaposhindwa, nilijua anasema habari za nyuma ya jiko langu.

Mjukuu wangu alichagua korongo letu. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angepanda vigingi ukingoni, safu moja upande wetu na safu moja upande wa mama wa makala, mbali kidogo na mdomo wa korongo, pale udongo unapokatika. Kila baada ya mvua angepima kwa mita ya fundi umbali kutoka kila kigingi hadi mdomo. Umbali ukipungua, korongo limekula. Alikata mwenyewe vigingi kwenye matawi ya mikaratusi, na ili avione kwa urahisi kwenye majani alivipaka vichwa rangi ya kucha, nyekundu, iliyobaki kutoka harusi ya shangazi yake.

Mimi ndiye niliyempa nyundo. Mimi ndiye niliyemwambia aende apande tu.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na sina wa kumsingizia. Kwetu mtu hagusi ardhi ya mpakani peke yake. Unamwita jirani wa kulia na wa kushoto na wa mbele, unamwita mkuu wa avenyu, yaani wa mtaa wenu, unaleta kasiksi, mnasimama wote mkitazama kigingi kinavyoingia. Ile pombe ya ndizi si ya kulewa. Aliyeinywa hapo hawezi kesho kusema hakuwapo. Nililijua hilo tangu utoto, nililifanya niliponunua parsele hii, kiwanja tunachokaa, na baba yangu alilifanya kabla yangu. Lakini korongo halina mwenyewe, nilijiambia. Tena mtoto ana haraka, Jumamosi inakaribia. Nikaacha.

Na rangi ile. Hapa mjini hakuna asiyejua maana ya wekundu. Watu wa ujenzi wakipita huchora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa nyumba waliyoona imekaa pabaya, na siku wakirudi huwa wamerudi kubomoa. Kuna watu avenyu yetu walioanza maisha upya mara mbili kwa sababu ya msalaba kama ule. Nami niliviona vile vichwa vyekundu vikimeta kwenye majani baada ya mvua, nikaona ni vizuri.

Vipimo vya kwanza havikusema kitu. Kisha mvua kubwa zikaja, na upande wetu mdomo wa korongo ukaanza kusogea kuelekea jikoni. Mjukuu wangu alirudi ndani magoti yakiwa na matope, akaandika namba kwenye simu bila kunitazama.

"Limesogea sana?" nilimuuliza.

"Limesogea."

"Jiko litaanguka?"

"Koko, niko napima tu. Siko nabii."

Tangu hapo mvua ikianza kupiga bati nilikuwa naenda kusimama jikoni, kama vile uzito wangu ungezuia korongo. Nilisogeza masufuria, nikasogeza gunia la unga, nikayarudisha. Mjukuu wangu aliniambia pia kwamba ng'ambo, kwa mama wa makala, ameona kitu kinaanza nyuma ya nyumba, lakini hajawa na uhakika. Alitaka mvua nyingine mbili tatu kabla ya kusema. Profesa alikuwa amewafundisha hivyo: usitangaze ulichokiona mara moja.

Majirani hawakungoja mvua. Tangu mji ubadilishe wakubwa, watu wa kwetu wamejifunza kusema kwa kipimo. Mtu akikuta kitu kipya karibu na mlango wake haulizi ni kitu gani. Anauliza ni cha nani, na anamuuliza jirani, si mwenyewe. Kwenye bomba la maji mazungumzo yalikatika mjukuu wangu alipofika na bidoni zake. Vijana wa pikipiki walimwita Mademoiselle Cadastre, kama mtu wa ofisi ya kupima viwanja. "Mademoiselle Cadastre, sisi utatutupa wapi? Mu ziwa?" Alikuwa ananisimulia akicheka. Baadaye akawa hasimulii tena.

Mama wa makala alikuja mwenyewe, mchana, mikono yake ikiwa bado myeusi. Hakukubali kukaa.

"Muzee, mimi naheshimu hii nyumba," alisema. "Mama mukubwa alinisaidia sana, Mungu amupumuzishe. Kwa ile njo nimekuja kuuliza. Ile miti mulipanda kwangu ni ya nini?"

"Ni masomo ya mtoto."

"Masomo ya kupima nyumba ya batu?"

"Anapima udongo, mama, si nyumba."

"Na ile rangi?"

Nilipaswa kumshika mkono, nimpeleke nyuma, nimwite mjukuu wangu amweleze. Mtoto alikuwa chumbani, hatua chache tu. Lakini jinsi yule mama alivyosimama mlangoni kama polisi ilinikera, na chini ya kukereka nilikuwa naogopa. Nikamjibu neno ambalo hadi leo linanichoma.

"Ni mambo ya chuo kikuu. Ni wazungu ndio wanataka kujua."

Alifuta mikono yake kwenye kitenge.

"Wazungu banataka kujua nini juu ya nyumba yangu?"

Nikashika mlango, tayari kuufunga. Alishuka ngazi zetu za udongo polepole, akishika ukuta.

Jioni ile avenyu nzima ilijua kwamba muzee wa juu amepata wazungu, kwamba watajenga, kwamba nyumba zenye vigingi zitaondoka, na kwamba mimi nimeshapewa changu. Siku iliyofuata jiwe liliangukia bati letu wakati tunakula. Moja tu, kama mtu anayebisha hodi. Mjukuu wangu aliweka kijiko chini. Nilimwambia ni tunda la parachichi limeanguka. Hatuna mparachichi.

Mnajua nilichokuwa nakiona kichwani. Mji huu umeshaona watu wakijichukulia sheria mkononi. Nimewahi kupita soko la Nyawera asubuhi nikakuta watu wamekusanyika, nikauliza kuna nini, nikajibiwa kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni mwizi, wamemmaliza. Baadaye ikasemwa hakuwa mwizi. Kila mjukuu wangu alipochelewa kutoka shule nilimwona yeye katikati ya duara lile. Nilianza kumsubiri barabarani, nikisimama mahali ambapo pikipiki zinageuka, na vijana walinisalimia kwa heshima iliyozidi kiasi.

Mkuu wa avenyu alikuja. Ni mtu mpole, mdogo kwangu kwa umri, na kazi ile haimpi kitu zaidi ya lawama. Nilimweleza yote, hata mambo ya thermos na koti. Alicheka kidogo.

"Papa, mimi nakusadiki," alisema. "Lakini batu beko na woga, na mwenye woga hasikie mutu moja moja. Siku ya Mungu kisha misa tutakaa bote hapa. Mutoto atafasiria, mi nitakuwa pembeni yake. Utaleta kasiksi, ile ungeleta mbele."

"Na kabla ya siku hiyo?"

"Mbele ya siku ile usiguse kitu. Acha ile miti vile iko. Ukigusa, utanivunjia mukutano."

Ilikuwa katikati ya juma. Niliitikia. Nilimshika mikono yote miwili, nikamshukuru.

Ijumaa asubuhi mjukuu wangu alikwenda shule. Nilikuwa nafagia uwanja nilipoona, ng'ambo ya korongo, wanaume wanne wamesimama wakitazama vigingi. Mmoja alikuwa na panga, lakini hapa kila mtu anatembea na panga, huenda alikuwa anatoka kukata majani ya mbuzi. Mmoja alinionyesha kwa kidevu, wengine wakageuka kunitazama, kisha wakaondoka.

Niliacha ufagio. Niling'oa vigingi vya upande wetu kimoja kimoja, na vilikuwa vimeingia kwa nguvu, mtoto alivipiga vizuri. Kisha nikazunguka kwa chini, kwenye daraja la mbao, nikapanda upande wa pili, na mbele ya macho ya watu waliotoka milangoni nikang'oa na vile vya kule. Nilitaka wanione. Nilifikiri wakiniona navitoa kwa mikono yangu watatulia. Niliwainulia fungu lile kama mtu anayeonyesha hana silaha.

Mama wa makala alikuwa kwenye kizingiti chake.

"Kumbe ilikuwa kweli," alisema.

"Si kweli, mama. Ndiyo maana navitoa."

"Kama haikuwa kweli, unatolea nini?"

Nilirudi nyumbani na fungu kwapani, nikalisokomeza motoni, chini ya sufuria ya maharage. Rangi ya kucha inanuka vibaya ikiungua. Saa ile ile mvua ikaanza.

Mjukuu wangu alirudi ameloa. Harufu ilimfikia kabla hajaniona. Alikwenda nyuma, akakaa huko. Nilipotoka nilimkuta amepiga magoti kwenye matope, anapapasa majani kwa viganja, anatafuta matundu ya vigingi. Mvua ilikuwa imeyaziba yote.

"Ningeweza kuvirudisha mahali pake kama ningeyaona matundu," alisema. Hakuwa analia. "Koko, sasa nitapima kutoka wapi?"

Nilimwambia kuhusu wanaume wanne. Nilimwambia kuhusu Nyawera, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Alisikiliza yote, maji yakimtiririka usoni.

"Shefu alisema siku ya Mungu," alisema mwishoni. "Ilibakia siku mbili tu."

Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi ya kuonyesha kazi. Nilichukua koti langu. Aliniomba, kwa adabu, nikae nje. Nilikaa kwenye ngazi, pazia likiwa kati yetu, nikamsikia akieleza vizuri, bila kukwama, korongo na mteremko na mvua, mpaka mahali namba zilipoishia. Profesa akauliza kwa nini vipimo vinakatika hapo, wakati mpango ulikuwa kupima mpaka mvua za juma hili.

"Vigingi vilitolewa," mjukuu wangu alisema.

"Nani alivitoa?"

Nilikuwa na miguu, ningeweza kuinuka. Pazia si ukuta. Ningeingia niseme, Madame, ni mimi, yule anayelala kwenye kiti, mpeni mtoto muda. Nilishika ngazi kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Watu," alisema. "Watu waliogopa."

Profesa alisema anasikitika. Alisema kazi ilianza vizuri sana, na kwamba kanuni ni ya wote, kazi isiyo kamili hawawezi kuihesabu kuwa kamili. Aliuliza kama mjukuu wangu yuko salama. Aliuliza na mimi niko wapi leo. Mjukuu wangu akajibu kwamba babu hajisikii vizuri.

Jumapili nilipeleka kasiksi. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, bado wamevaa nguo za misa, wakasimama uwanjani mwetu bila kuigusa ile pombe. Nilisema mbele yao yote: kwamba sikuwaita mwanzoni ingawa nilijua desturi, kwamba maneno ya wazungu yalitoka kinywani mwangu kwa kiburi, kwamba mtoto hakung'oa kigingi hata kimoja. Wanaume wale wanne walikuwapo. Mwenye panga alisema walikuja tu kuangalia kama ni kweli rangi ni ya kucha, kwa sababu mke wake alikuwa amebisha. Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Kisha mjukuu wangu alieleza. Alichora korongo chini kwa kijiti, akaonyesha jinsi mdomo ulivyosogea upande wetu. Hapo kicheko kiliisha. Wakubwa walisogea kutazama mchoro, wakaenda nyuma ya jiko kutazama penyewe, wakarudi. Mama wa makala alikuwa wa mwisho kuuliza.

"Na kwangu?"

Mjukuu wangu alinitazama mimi kabla ya kumjibu. Sijui kama alitaka ruhusa au alitaka nisikie.

"Kwako, mama, ilikuwa inaanza kuonekana kitu. Nilikuwa nangojea mvua ingine, nijue kama ni kweli na kama iko nakwenda mbio. Ile mvua ilikuja Ijumaa."

"Na ilipima nini?"

"Haikupima kitu. Miti haikukuwa tena."

Yule mama aligeuka upande wangu. Nilingoja anitukane, ingekuwa afadhali. Alichukua kikombe cha kasiksi, akanywa kidogo, akakiweka, kama desturi inavyotaka.

Vigingi vipya vimepandwa, na rangi ile ile. Safari hii watu wote walisimama wakitazama, na mama wa makala mwenyewe alishika mwisho wa mita. Lakini mjukuu wangu anasema hesabu imeanza upya. Kilicholiwa kabla ya hapo hakijulikani, na itachukua mvua nyingi kabla ya kuweza kumwambia mtu ahame au abaki. Masomo ya Jumamosi yamekwisha. Kwenye simu ilifika karatasi ya kumshukuru kwa kuhudhuria. Alimtumia mama yake Bunyakiri, na mama yake alinipigia, akaniuliza habari za afya yangu, hakuuliza jambo jingine.

Jana alasiri wingu lilijikusanya. Mama wa makala alitoka mlangoni, akaniita kutoka ng'ambo. Alikuwa amebeba godoro la watoto wake begani, nusu ndani nusu nje.

"Muzee! Batoto balale chumba ya nyuma ao ya mbele?"

Mjukuu wangu hakuwa amerudi. Nilitazama nyuma ya nyumba yake, nikatazama majani, udongo, vichwa vyekundu vilivyosimama pale bila kunieleza lolote. Nilimwambia sijui. Aliendelea kusimama na godoro lake, akinitazama, na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati, kwake na kwangu.